Kete za ziada: ugumu wa vita vya Warumi kwenye gemu unatoka wapi

Chukua bao. Kete 64, wewe 32 na mwenzako 32, mashimo sawa, zamu kwa zamu. Fundi akikufunga hapo, amekufunga kwa jicho lake: aliona mtaji, yaani nafasi ya kula kete zako, ambao wewe hukuuona. Sasa chukua bao hilohilo, ila mbele yako ameketi mtu anayejua kusambaza kete tu, na kabla hamjaanza amemiminiwa kete 20 za ziada upande wake. Huyo naye anaweza kukufunga. Ukiondoka barazani ukisema umekutana na mchezaji mgumu hujadanganya, lakini ugumu wa huyu na ugumu wa yule fundi hauna undugu.

Gemu za mikakati zinazohusu vita vya Roma ya kale, karibu zote, hufanywa ngumu kwa njia hiyo ya pili. Mchezaji anayeanza kupanda viwango huuliza atumie mbinu gani, na mara nyingi hujibiwa kwa orodha ya vikosi vya kununua. Orodha haimsaidii mpaka ajue kompyuta imeongezewa nini hasa, na nini hakijaguswa. Akishajua hilo, mbinu zenyewe zinaanza kueleweka, na ataelewa pia kwa nini Hannibal, jemadari wa Kartago aliyepigana na Roma, aliwapanga watu wake vile alivyowapanga.

Nitatumia zaidi gemu moja, Rome: Total War, iliyotoka mwaka 2004 kwa mikono ya Creative Assembly ya Uingereza. Ni ya zamani, lakini mwaka 2016 iliingia kwenye iPad na mwaka 2018 kwenye simu za Android, na mimi nimeicheza zaidi kwenye simu. Ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kampeni: ramani ya Mediterania kuanzia mwaka 270 KK, miji, kodi, barabara, wajumbe, na kila zamu ni nusu mwaka. Ya pili ni uwanja wa vita. Majeshi mawili yakikutana kwenye ramani, unashuka mwenyewe na kuongoza vikosi vyako, visivyozidi 20, huku muda ukikimbia. Mwanzoni kabisa unachagua viwango viwili vya ugumu, kimoja cha kampeni na kingine cha mapigano, kuanzia rahisi hadi ngumu sana. Ni rahisi kuvipandisha vyote pamoja kana kwamba ni kitu kimoja. Si kitu kimoja hata kidogo, na nitaeleza kila kimoja peke yake.

Kwenye uwanja wa vita

Ukipandisha ugumu wa mapigano, askari wa kompyuta wanapewa nyongeza kwenye uwezo wa kushambulia. Silaha haibadiliki. Ni mgambo yuleyule na mkuki uleule, ila kila anapochoma, uwezekano wa kumwangusha mtu wako umepanda. Ukiwakutanisha ana kwa ana na askari wako wa daraja lilelile, wako ndio watakaoisha kwanza, hata kama wameanza sawa kwa idadi na uchovu. Mchezaji aliyezoea kiwango cha wastani, ambaye hushinda kwa kusukuma safu yake mbele na kusubiri, hapa anavunjika bila kuelewa kosa lake ni lipi.

Akili ya kompyuta haijaguswa. Inapanga safu yake vilevile, inasogea vilevile, na jemadari wake bado ana ile tabia ya kujitupa mbele na walinzi wake wa farasi na kugonga ukuta wa mikuki dakika za mwanzo. Hilo linanisikitisha kuliko kasoro nyingine yoyote ya gemu hii, kwa sababu jemadari akifa moyo wa jeshi zima unashuka, na kompyuta humpoteza bure kabisa. Simamisha kikosi cha mikuki karibu na katikati ya safu yako, uangalie anakotokea. Atakuja.

Kuna jambo jingine ambalo halijaguswa, na ndilo la kushika. Kwenye gemu hii ngao inamlinda askari mbele na kushoto tu, kwa sababu ngao hushikwa kwa mkono wa kushoto. Kulia hana ngao. Mgongoni hana ngao, na wala ujuzi wake wa kukinga haumfai kitu huko. Mshale unaopigwa kutoka mbele unakutana na ngao. Mshale uleule ukipigwa kutoka kulia au nyuma unakutana na nguo na ngozi. Falanksi, ile safu nene ya mikuki mirefu ya Kimakedonia, inageuka polepole katika kiwango rahisi, na inageuka polepole vilevile katika kiwango cha ngumu sana. Kumwongezea askari nguvu ya kushambulia si kumpa macho ya kisogoni.

Kwa hiyo ugumu ukipanda, kinachopoteza thamani ni pambano la uso kwa uso, na kinachobaki na thamani yake yote ni ubavu, mgongo, mwinuko wa ardhi, uchovu na hofu. Ukiendelea kununua askari wa gharama kubwa ili washindane mbele kwa mbele, unalipia kitu kilichoshushwa bei.

Watengenezaji wengine wamechagua njia nyingine. Field of Glory II ya mwaka 2017, ambayo huchezwa kwa zamu kama gemu za mezani, haiongezi nguvu ya mkono wa askari wa kompyuta, inamwongezea watu. Ni kete za ziada bado, lakini unaziona zimekaa mezani mbele yako, unaweza kuzihesabu na kupanga. Mimi naona hiyo ni haki zaidi. Nyongeza iliyofichwa ndani ya kila pigo la mkuki inakufanya uamini kwamba mbinu yako ni mbovu, kumbe mizani ndiyo iliyoinamishwa.

Ari

Neno linalobeba mapigano yote ya gemu hizi ni ari. Kila kikosi kina kiwango chake cha moyo. Kinashuka kikiwa kimechoka, kikipoteza watu wengi kwa haraka, kikipigwa kwa mishale ya moto, kikiona tembo, kikishambuliwa ubavuni, kikishambuliwa mgongoni, jemadari akianguka, jirani akikimbia. Kikishuka mno, bendera ya kikosi inaanza kumulika nyeupe na watu wanatupa mpango wote wanatimua mbio. Hapo hawakingi tena. Farasi mmoja anawafuata na kuwaangusha kama mtu anayevuna.

Hili halikubuniwa na watengenezaji wa gemu ili kupendezesha. Mwaka 197 KK, kwenye vilima vya Cynoscephalae huko Thessalia, Warumi wa Flamininus walipigana na Philip V wa Makedonia. Kwa hesabu ya Polybius, mwanahistoria Mgiriki aliyewajua Warumi kwa karibu, Warumi walipoteza watu 700, Wamakedonia 8,000, na wengine 5,000 wakatekwa. Tofauti kama hiyo haipatikani watu wakiwa wamesimama wanachomana. Inapatikana upande mmoja ukishageuza mgongo. Vita vya kale viliua wengi baada ya kuamuliwa.

Pigano moja la kwenye simu limenikaa kichwani kwa sababu ya jambo hili. Nilikuwa na ukoo wa Brutii, mmoja wa koo tatu za Kirumi kwenye gemu, nimevusha jeshi kutoka Tarentum hadi ng'ambo ya bahari, na ugumu wa mapigano umepandishwa mpaka mwisho. Mbele yangu kulikuwa na vikosi vinne vya Wamakedonia wenye sarisa, bega kwa bega, na vikosi viwili vya farasi wepesi pembeni. Mimi nilikuwa na vikosi vitano vya hastati, ambao ni askari vijana wa safu ya kwanza ya Kirumi, viwili vya warusha mikuki wepesi, viwili vya farasi, na jemadari.

Mara ya kwanza nilikwenda moja kwa moja. Hastati wakarusha mikuki yao, wakaua kadhaa, wakachomoa panga, wakaenda. Nikavuta picha karibu. Sarisa ni mkuki wenye urefu wa zaidi ya mita 6, na mikuki ya safu tano za mbele yote inatokeza kupita mtu wa kwanza. Askari wangu walikuwa wanasukumwa na kuanguka kabla upanga haujafika popote. Polybius alipiga hesabu hiyohiyo zaidi ya miaka 2,000 iliyopita: Mrumi anahitaji nafasi mara mbili ili autumie upanga wake, kwa hiyo kila mmoja anajikuta mbele ya ncha 10 za mikuki. Ongeza nyongeza ya kompyuta juu ya hapo. Vikosi vyangu vitatu vilivunjika ndani ya muda mfupi, na viwili vilivyobaki vikawafuata.

Nikarudia pigano lilelile na watu walewale. Safari hii vikosi vitatu vya hastati nikavisimamisha katikati na kuvikataza kugusa mtu. Falanksi ilipokaribia nikavirudisha nyuma hatua chache, ikakaribia tena, nikavirudisha tena. Farasi wangu wote na jemadari wakaenda kwanza kuwatimua farasi wepesi wa Makedonia. Vikosi viwili vya hastati nikavizungusha kwa mbali upande wangu wa kushoto, ambao kwao ni kulia, upande usio na ngao. Vikasimama, vikarusha mikuki. Kikosi cha mwisho cha falanksi kikaanza kugeuka kuwatazama, na kikigeuka mikuki yake inainuka juu, mistari inavurugika, watu wanagongana. Wakati huo farasi wakawa wameshamaliza kazi yao na wanarudi kutoka nyuma.

Walipoingia mgongoni, bendera ikaanza kumulika. Kikosi cha kwanza kikakimbia, cha pili kikavunjwa ubavuni. Vile viwili vya mwisho havikuguswa na upanga wowote. Viliona wenzao wanakimbia, farasi wako nyuma, vikaondoka. Nyongeza yao ya kushambulia ilikuwa palepale, nzima, haijatumika.

Sikubuni chochote hapo. Cynoscephalae mrengo wa kulia wa Philip ulikuwa unateremka kilimani unawasukuma Warumi, na haukuwa na wa kuuzuia kwa mbele. Mrengo wake wa kushoto ulikuwa bado unapanda na haujajipanga, Warumi wakaufumua kwa msaada wa tembo. Ndipo mkuu mmoja wa kikosi, ambaye Polybius hakumtaja jina, akachukua manipuli 20, yaani vikosi vidogo vya jeshi la Kirumi, kutoka upande uliokuwa unashinda, akawazungusha mpaka mgongoni mwa falanksi iliyokuwa inateremka. Wamakedonia wakainua mikuki yao wima, ishara yao ya kusalimu amri. Warumi hawakuielewa ishara hiyo, wakaendelea kuua.

Saa ya Cannae

Kila anayecheza gemu hizi siku moja hujaribu kurudia Cannae. Tarehe 2 Agosti mwaka 216 KK, karibu na mto Aufidus kusini mwa Italia, Hannibal alikuwa na watu kama 50,000, wakiwemo wapanda farasi 10,000. Makonsuli Paullus na Varro, viongozi wa Roma wa mwaka huo, walikuwa na zaidi ya 80,000. Katikati ya safu yake Hannibal aliweka Wagali na Wahispania, akawapinda kama mwezi mchanga ukiwatazama Warumi. Kwenye ncha mbili za mwezi aliweka askari wake wazito wa Kiafrika. Pembeni kabisa farasi. Warumi wakausukuma ule mwezi mpaka ukanyooka, ukapinda kwa ndani, wao wakazidi kuingia. Waafrika wakageuka kutoka pande zote mbili. Farasi wa Hasdrubal, mmoja wa makamanda wa Hannibal, baada ya kuwavunja farasi wa Kirumi, wakazunguka na kufunga mlango kwa nyuma.

Ukiinakili picha hiyo kwenye kiwango cha ngumu sana, Wagali wako watavunjika na jeshi lako litakatwa vipande viwili. Wengi hukomea hapo wakisema mbinu hii haifanyi kazi. Inafanya kazi, ila Cannae ni jambo la saa. Kuna muda ambao katikati inaweza kuvumilia, na kuna muda ambao farasi wanauhitaji kumaliza kazi yao pembeni na kufika nyuma. Hannibal alishinda kwa kuwa muda wa pili ulikuwa mfupi kuliko wa kwanza. Nyongeza ya kompyuta inafupisha muda wa kwanza, kwa hiyo lazima uchezee huo wa pili.

Njia zipo. Peleka farasi mapema, kabla safu hazijagusana, na uwapeleke wote upande mmoja kwanza badala ya kuwagawa. Weka katikati yako juu ya mwinuko, adui apande akiwa amechoka. Badala ya kuipinda safu, iache mbali nyuma: kila hatua anayotembea adui kuifikia ni muda umeupata bure. Mweke jemadari wako karibu na nyuma ya wale wa katikati, kwa kuwa uwepo wake unawatia moyo, lakini asiingie. Farasi wakifika mgongoni wasikae humo. Nguvu yao iko kwenye pigo la kwanza la mkuki. Wakibaki katikati ya watu wa miguu wanauawa mmojammoja. Piga, toka, jipange, rudi. Mhunzi haachi nyundo ikae juu ya fuawe.

Mwaka 48 KK huko Pharsalus, Julius Caesar alikuwa ndiye mwenye upungufu. Kwa hesabu yake mwenyewe alikuwa na askari 22,000 wa miguu na farasi 1,000 dhidi ya 45,000 na farasi 7,000 wa Pompey, Mrumi mwenzake. Alijua kabisa farasi wale watamzunguka kulia. Akachomoa kama watu 3,000 kutoka safu ya nyuma, akawaficha nyuma ya farasi wake wachache, akawaambia wasirushe mikuki yao bali wachome kwenda juu, usoni. Farasi wa Pompey walipokuja walikuta ukuta ambao hawakuujua. Kwa mchezaji anayesumbuliwa na farasi wa kompyuta, pigano hili lina faida kuliko Cannae: kikosi kimoja cha mikuki kilichofichwa hatua kadhaa nyuma ya ubavu wako kinaokoa jeshi zima.

Kuhusu tembo nitasema kidogo tu, maana wahenga wameshamaliza: mwenye nguvu mpishe. Zama, mwaka 202 KK, jemadari wa Kirumi Scipio aliwapanga manipuli mmoja nyuma ya mwingine badala ya kuziba mianya, akaacha vichochoro, na tembo wa Hannibal, ambao walikuwa zaidi ya 80, wengi wakapita katikati bila kupata wa kukanyaga. Kwenye gemu fanya hivyohivyo, uwarushie mikuki na mishale ya moto wakipita. Wakipagawa hawachagui wa kumkanyaga.

Parthia, dola ya mashariki huko Uajemi, ni habari nyingine. Hapo ndipo wapenzi wa legioni, yale majeshi makubwa ya miguu ya Kirumi, hulia. Mwaka 53 KK Mrumi Crassus alikwenda Carrhae na legioni saba, jemadari wa Parthia Surena akamjia na kama wapanda farasi 10,000, wengi wao wenye pinde na kama 1,000 waliovaa chuma wao na farasi wao, na ngamia waliobeba mishale ya akiba. Warumi walisubiri mishale iishe. Haikuisha. Kwenye gemu utaona hilohilo: askari wa miguu wanawakimbiza wapiga mishale wa farasi mpaka wanachoka, na hawajagusa mtu. Dawa yake aliipata jemadari wa Kirumi Ventidius mwaka 39 na 38 KK. Alikaa juu ya miinuko, aliwaacha Waparthia wapande wenyewe mpaka karibu, akawateremkia ghafla, na alikuwa na warusha mawe kwa kombeo ambao mawe yao yalifika mbali. Beba wapiga mishale na warusha mawe wengi kuliko unavyodhani inatosha, tafuta kilima, usimkimbize mtu.

Ugumu wa kampeni

Upande wa pili wa ugumu hauonekani kwenye uwanja wa vita. Gemu za ukoo huu, kiwango cha kampeni kikipanda, huipa kompyuta nafuu ya kiuchumi: mapato zaidi, au gharama ndogo za kulisha jeshi, na majirani wanaokuwa wepesi wa kukugeuka. Matokeo yake unayajua. Umeshinda pigano zuri, umepoteza watu 200 na kuua 900, umefurahi. Zamu mbili baadaye jeshi jingine kama lile limesimama mlangoni, na wako bado hawajajazwa.

Wachezaji wengi huliona hili kuwa ni wizi wa wazi kuliko nyongeza ya mapigano. Mimi nadhani ndilo jambo la kweli kuliko yote kwenye gemu hizi, kwa sababu hivyo hasa ndivyo ilivyokuwa kupigana na Roma.

Mwaka 280 na 279 KK Pyrrhus, mfalme wa Epirus, aliwashinda Warumi mara mbili, Heraclea na Asculum, na baada ya ushindi wa pili inasemekana alisema kwamba akishinda tena hivyo atakuwa amekwisha. Watu wake waliokufa hawakuwa na wa kuwarithi; Warumi walijaza nafasi. Hannibal alishinda Trebia mwaka 218 KK, akashinda ziwa Trasimene mwaka 217 KK kwa kuvizia ndani ya ukungu, akashinda Cannae. Polybius anaandika kwamba Cannae pekee walikufa Warumi 70,000. Livy, mwanahistoria wa Kirumi, anataja kama 48,000. Hata ukichukua ya chini, dola nyingine yoyote ya zama zile ingeomba amani wiki ileile. Roma ilikataa hata kuzungumza na mjumbe, ikaandikisha legioni mpya. Polybius anaeleza kwamba miaka michache kabla, mwaka 225 KK, Roma na washirika wake walihesabiwa kuwa na watu wanaoweza kubeba silaha zaidi ya 700,000 wa miguu na 70,000 wa farasi. Hannibal alikuwa fundi wa bao mbele ya mtu mwenye kete zisizokwisha.

Kwa hiyo mbinu za kampeni ngumu si za kushinda mapigano. Ni za kuhakikisha jeshi lililoshindwa haliondoki. Ndiyo maana farasi wako wasirudi kupumzika bendera nyeupe zikianza kumulika. Wafuate mpaka mwisho, maana aliyekimbia leo atarudi kesho. Ndiyo maana pia mji wenye bandari na mapato mazuri una thamani kuliko ushindi mkubwa porini. Mwaka 209 KK, Scipio yuleyule wa Zama, akiwa bado kijana, hakwenda kutafuta majeshi ya Kartago huko Hispania. Alikwenda moja kwa moja kuuteka mji wa Kartago Mpya, ulikokuwa na hazina, ghala na mateka wa makabila ya Hispania. Huo ni uamuzi wa mtu anayecheza kampeni.

Kisichoingia kwenye kipimo

Kuna ugumu wa tatu: mchezaji kunyang'anywa alichonacho. Total War: Rome II ya mwaka 2013 ina kiwango cha juu kabisa ambacho hakikuruhusu kusimamisha pigano ili utoe amri, wala kuhifadhi gemu kabla ya vita ili ukishindwa urudie. Kompyuta haiongezewi chochote kwa hilo. Unaondolewa tu uwezo ambao jemadari wa kweli hakuwahi kuwa nao. Huo naupenda, japo kwenye simu, kidole kimoja kikitafuta kikosi kati ya vumbi, ni kazi kweli.

Lakini sehemu moja ya vita vya Warumi haijafikiwa na kiwango chochote. Legioni ya wakati wa Hannibal, kwa maelezo ya Polybius, ilikuwa na askari 4,200 wa miguu: hastati 1,200 mbele, principes 1,200 nyuma yao, triarii 600 wazee wenye mikuki mwisho, na vijana 1,200 warusha mikuki wepesi. Hastati wakichoka walirudi nyuma kupitia mianya, principes wakaingia wakiwa wabichi. Mambo yakiharibika kabisa ndipo triarii wanaitwa, na Warumi walikuwa na msemo kwa hali hiyo, kwamba jambo limewafikia triarii. Kuwarudisha nyuma watu walioshikana na adui bila wao kudhani wanakimbia, hiyo ilikuwa kazi ya senturioni, afisa wa kikosi kidogo ambaye Biblia ya Kiswahili humwita akida. Kwenye gemu ukimrudisha askari wa hastati aliyeshikana, anageuza mgongo na kuchomwa, na kikosi cha nyuma kinagongana naye kikiingia. Nimejaribu mara nyingi. Kinachowezekana ni kuwapumzisha kabla hawajashikana, au kuwatumia triarii pembeni kama Caesar alivyowatumia watu wake wa safu ya nyuma Pharsalus. Moyo wa legioni wenyewe umebaki nje.

Siku hizi naweka mapigano kiwango cha wastani, ili mkuki wa adui uwe mkuki kama wangu na nishindwe kwa makosa yangu, halafu kampeni naiweka ngumu sana. Nacheza Kartago. Nimevusha jeshi kutoka Lilybaeum kisiwani Sicilia, nimeshinda mara tatu kusini mwa Italia, mara ya mwisho kwa farasi walioingia mgongoni kwa wakati wake. Zamu ikageuka, nikasogeza ramani hadi Capua, na nje ya malango kulikuwa na jeshi jipya la Scipii, ukoo mwingine wa Kirumi wa gemu, vikosi vimejaa, hastati hata hawajapigana bado.